Masale Kwenye Buti

Mjinga gani anavuta gari kwenye mteremko kwa kamba badala ya chuma? Sisi. Tulikuwa tumemzika baba, na Korola yake mbovu ilitakiwa ishuke kutoka Old Moshi hadi Rau, kwa dada yangu Kindness. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani tangu baba augue.

Binamu yangu Ezra alivuta kwa gari lake la watalii, lile lenye vitanda na jiko ndani. Mimi nilishika usukani wa Korola. Gia nyutro, ufunguo umewashwa ili usukani usijifunge, breki ngumu kwa kuwa injini imezimwa. Kamba ikilegea, nakanyaga. Sikuwaza kingine. Hata baba sikumwaza.

Kitambaa chekundu cha kuonya magari ya nyuma hatukuwa nacho, kwa hiyo nilikuwa nimekata majani uani nikayafunga kwenye buti.

Tulipofika Rau, Kindness alizunguka gari, akasimama ghafla nyuma yake. Majani yale yalikuwa masale. Kwetu Uchaggani, anayekuletea masale anaomba msamaha, na hakataliwi.

“Umeniletea masale,” alisema, machozi yakimtoka. “Basi, mdogo wangu. Yameisha.”

Niliyatazama. Yalikuwa yamejaa vumbi.

“Ndiyo, dada,” nilisema, nikainama kufungua kamba.