Dawa ya Virusi

Kila asubuhi, kabla ya kupanga mikebe ya makaa nje ya ploti yao mtaani Bulla Pesa, Akuam alimwosha mumewe miguu. Leo kidole gumba cha Ewesit kilikuwa cheusi. Akuam akaacha maji yamwagike, maana alijua ni nani aliyekifikisha hapo.

Mwezi uliopita daktari alimwandikia Ewesit dawa za aina mbili: za kupunguza uvimbe wa mishipa ya damu, na za virusi. Virusi! Sasa kwenye ploti ambapo ukikohoa jirani anakupa pole kabla hujafunga mdomo, neno hilo lina maana ngapi? Ni Ukimwi tu. Na ile chupa nyeupe ya dawa hizo kila mtu anaijua. Akuam hakuuliza mtu. Alizimwaga chooni, akamwambia Ewesit zimeisha, akamwachia zile za uvimbe. Maumivu yakapungua, naye akajipongeza, mjinga yule.

Hospitalini nesi Umulkheir alikibonyeza kidole, kisha akamvuta Akuam kando.

"Za virusi alimeza?"

"Zilimwagika, sista."

"Zilimwagika ama ulizimwaga?"

Akuam aliangalia sakafu. "Nilimwaga. Niliona aibu."

"Aibu ya nini, mama? Ni virusi vya ini. Hivyo ndivyo vinaharibu mishipa. Za uvimbe peke yake zinaviachia nafasi tu. Huyu anaweza kupoteza mguu."

"Basi nipe zingine."

"Za ini hatuna. Mnunue kwa kemisti."

Chupa ya kwanza ilikuwa imekula pesa za mbuzi wao wa mwisho. Akuam alimwona mwanamke akitoka chumba cha mwisho na chupa nyeupe. "Na ile?"

"Dawa ni hiyo hiyo. Lakini hiyo ya bure imeletwa kwa wenye Ukimwi tu."

Akuam, ambaye alikuwa akizunguka jengo zima asionekane karibu na mlango ule, akaingia mbele ya foleni yote.

"Mume wangu ana Ukimwi," akamwambia karani, Mwiti. "Mwandike."

Mwiti akafungua faili. "Alipimwa, mama. Hana."

"Andika anao."

"Siwezi. Nitafutwa kazi."

Ewesit alikuwa akimngoja kwenye benchi la nje. "Wamesemaje?"

"Wamesema huna Ukimwi."

Ewesit akafumba macho. "Asante Mungu," akasema. "Nilikuwa naogopa hata kukuambia."

Akuam akakaa kando yake, asijue atamwambiaje kwamba hiyo ndiyo habari mbaya.