Mheshimiwa Amekuja Kusalimia Tu

Niliingia katika Bunge la Maryland bila kupigiwa kura hata moja. Mjumbe wa eneo letu alijiuzulu katikati ya kipindi, kamati ya chama ikatafuta mtu wa kukalia kiti chake, na kila waliyemtaja alikuwa na adui. Mimi sikuwa na adui kwa sababu sikuwa nimewahi kusema jambo la maana mkutanoni. Walinichagua jinsi watu wanavyochagua rangi ya ukuta wa ofisi.

Wakenya wenzangu hawakujali niliingiaje. Kanisani Greenbelt waliniita Mheshimiwa Jumapili iliyofuata. Bwana mmoja wa Rockville alinipigia simu nimsaidie viza ya shemeji yake. Nilimweleza polepole kwamba mimi ni wa bunge la jimbo, kwamba tunakutana Annapolis, na kwamba wiki hiyo tulikuwa tukijadili leseni za vinyozi. Akasema, "Sawa, Mheshimiwa. Ukipanda cheo utanikumbuka."

Kazi yenyewe nilijifundisha. Nilisoma kanuni za bunge maktabani, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma maelekezo ya kuunganisha kitanda cha mtoto. Na nikaipenda. Kwa hiyo uchaguzi wa chama ulipokaribia nilikitaka kiti kile kuliko nilivyoweza kukiri mbele za watu. Nilitaka, mara moja maishani, nichaguliwe badala ya kuwekwa. Niliketi nikapanga kampeni kwa utaratibu wangu, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Kwetu mtu haendi nyumba ya watu mara ya kwanza akamwaga shida yake mlangoni. Hata wanaokwenda kuposa, siku ya kwanza husema wamepita tu kusalimia. Watakunywa chai, watasifu ng'ombe, watarudi. Kila mtu anajua wamefuata msichana, ila hakuna anayemtaja. Nikapanga raundi mbili. Ya kwanza, tangu majani yalipoanza kuanguka, kusalimia nyumba zote za Riverdale Park na mitaa ya jirani. Ya pili, mwezi wa Juni, kuomba kura.

Raundi ya kwanza ilinoga. Nilijitambulisha kama Kip, wa hapo chini karibu na reli. Jina langu kamili, Kiprotich, lilikuwa kwenye mabango, lakini bila picha, maana picha niliona ni majivuno. Bi Lorraine, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, alinipa kahawa na keki ya ndimu, nami nikasikiliza habari za goti lake. "Rudi tena," aliniambia. Nilirudi tena na tena. Nilijiambia ni kwa ajili ya goti.

Kila Jumamosi nilimpa ripoti meneja wangu wa kampeni, Abigail: nimezunguka mtaa mzima, wamenipokea vizuri. Ni binti wa rafiki zetu, amezaliwa hapa, anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akikasirika tu ndipo Kiswahili humtoka. Siku chache kabla ya uchaguzi alifungua buti ya gari langu kutafuta mwavuli, akakuta maboksi bado yamefungwa kwa gundi.

"Anko," alisema, kwa Kiswahili, nami nikajua mambo yameharibika. "Hizi brosha si nilikupa Oktoba?"

"Ni za raundi ya pili."

"Raundi ya pili ni lini?"

"Inaanza kesho."

Akakaa kwenye ukingo wa buti. "Umebisha kila mlango wa hii area."

"Karibu kila mlango."

"Na hujawaambia unagombea?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mke wangu, Cherono, alikuwa amesimama barazani na sare zake za uuguzi. Yeye hucheka kwa mabega, bila sauti. "Abigail, usishangae. Huyu alitutembelea nyumbani mwaka mzima. Mwishowe dada yangu akamwuliza, wewe kijana, unamtaka huyu ama unataka chai?"

"Na nilijibu vizuri," nikasema.

"Ulisema vyote viwili, Baba Chebet. Ukaitaja chai kwanza."

Raundi ya pili haikwenda mbali. Watu walikuwa wameshanizoea, kwa hiyo kila nyumba walinivuta ndani nikae, na ningekataaje? Siku nzima nilimaliza nusu ya mtaa. Mpinzani wangu, Wayne, alikuwa na njia fupi. "Naitwa Wayne, naomba kura yako," na kabla mtu hajajibu alikuwa mlango wa pili. Nilimwona mara moja akifanya hivyo, nikamwonea huruma kwamba hakufundishwa adabu. Huruma yangu haikumpunguzia kura.

Siku ya uchaguzi nilisimama nje ya shule ya msingi, nyuma ya mstari ambao wagombea hawaruhusiwi kuuvuka. Bi Lorraine akatoka, fimbo mkono mmoja, kibandiko cha mpiga kura kifuani.

"Kip! Nawe umekuja kupiga kura?"

"Ndiyo, Bi Lorraine. Goti je?"

"Linalalamika. Mimi nimempa Wayne. Angalau yeye aliniomba. Yule mwingine, mwenye jina refu, hajawahi kuonyesha hata uso."

Nilitazama viatu vyangu. "Yule mwingine ni mimi."

Alinitazama jinsi alivyowatazama, nadhani, watoto waliokuja shule bila penseli. "Wewe umekaa jikoni kwangu majira yote ya baridi."

"Nilikuja kukusalimia."

"Umekula keki zangu! Ulisafisha mfereji wa paa langu!"

"Kwetu, mama, si adabu kuanza na kuomba."

"Na kwangu si adabu kumficha mtu jambo hadi ashike kalamu." Alipiga fimbo chini. "Haya. Niombe."

"Umeshapiga."

"Nimesema niombe."

Nikajikohoza. "Bi Lorraine, kama ingewezekana, na kama hutajali..."

"Hapana. Tena."

"Ningependa ufikirie..."

"Nimeshafikiria. Tena!"

"Naomba kura yako."

"Umechelewa," alisema. "Sasa mwambie yule anayeshuka kwenye gari."

Akabaki nami hadi milango ilipofungwa, amekaa kwenye kiti cha kukunja ambacho Abigail alimletea, akinisukuma kwa fimbo kila nilipoanza na habari za hali ya hewa. Mwanamume mmoja nilipomwomba kura aliguna kama aliyetua mzigo. "Kumbe! Mke wangu amekuwa akisema unauza madirisha."

Nilishindwa. Wapiga kura niliowakosa ili nishinde wangeenea kanisani kwetu Jumapili ya kawaida, si ya Krismasi. Katika eneo letu anayeshinda uchaguzi wa chama ndiye ameshinda, kwa hiyo hapakuwa na la kusubiri. Cherono alinishika bega, Abigail akalia kidogo kisha akala sambusa, nami nikampigia Wayne kumpongeza.

"Kip!" akasema. "Ulikuja kwangu Novemba. Nilidhani umekuja kunipeleleza. Ukanywa maji, ukamsifu mbwa, ukaenda zako."

"Nilikuwa nafuata nyumba kwa mpangilio," nikasema.

Akacheka, akanishukuru, akasema kama kuna lolote nimwambie tu. Watu husema hivyo bila kukusudia, nami ningejibu kwamba hakuna. Lakini Cherono alikuwa ananitazama, na mabega yake yalikuwa yametulia kabisa.

"Liko moja," nikasema. "Nakitaka kiti hicho. Nitagombea tena, dhidi yako, na kesho asubuhi naanza kuwaambia watu."

Nikasikia mbwa akibweka upande wake wa simu.

"Kip," alisema Wayne, "mimi hata sijaapishwa."

Nikamwambia pole.