Kabla ya Vanishi

Kache alichomeka ukucha chini ya gamba la vanishi, likatoka zima, jembamba kama ganda la kitunguu. Shaba iliyokuwa chini yake ilikuwa imeota doa jeusi. Akajaribu msumari wa pili wa ule mlango mkubwa wa hoteli, nao vanishi yake ikatoka vilevile. Wa tatu hakuthubutu kuugusa. Wageni walikuwa bado kwenye chai, ukumbini hapakuwa na mtu, lakini alitazama nyuma kama mwizi. Vanishi ile ilikuwa haijamaliza hata mwezi.

Kwa miaka mingi kila kitu cha shaba katika hoteli ile kilipitia mikononi mwake: misumari ya mlango, kandili, reli ya ngazi, masinia. Na hewa ya Diani haina adabu. Ukiisugua shaba leo, keshokutwa imenuna. Kache hakuona tabu. Alianza na jivu na ndimu, akaja na kitambaa, na mwisho mafuta ya nazi kidogo tu, akiyapaka na kuyafuta mpaka yasionekane tena. Hayo ya mafuta alifundishwa na mavyaa wake, Bi Mejumaa, mamake marehemu mumewe. Kache ni mzaliwa wa Kinango, alikokulia kwenye ukavu na mbuzi, na masinia ya shaba aliyaona kwa mara ya kwanza alipoletwa Mwabungo kuwa mke. Bi Mejumaa ndiye aliyemwonyesha kwamba shaba isiyopakwa mafuta hulambwa na chumvi kabla jua halijatua. Alimfundisha, naye akashika.

Kisha akaja meneja mpya kutoka bara, Caroline. Hakuwa mtu mbaya, na pengine angekuwa mbaya mambo haya yasingeuma hivi. Alisema kuna vanishi isiyo na rangi, ukiipaka shaba haiguswi tena na hewa, inakaa ikimeta miaka bila kusuguliwa. Kisha akamshika Kache bega. Hatatupwa, akamwambia. Kazi hiyo ikiisha vizuri, atahamishiwa kufulia, mashuka hayaishi hotelini. Kache alimwamini, maana alitaka kumwamini. Umri wake haukuwa wa kuzunguka Ukunda akibisha milango ya watu, na nyumbani alikuwa na Bi Mejumaa, mkongwe asiyeona, asiye na mwingine.

Mchana ule kwenye kantini ya wafanyakazi alitania, sahani ya maharagwe mkononi: “Hiyo vanishi ikinata, mimi nabanduka.” Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Hata Kilonzo, fundi wa rangi, alicheka. Utani mzuri haukosi wa kuukumbuka.

Kilonzo ni Mkamba wa huko kwenye mashamba ya Shimba Hills, wazazi wake walihamia zamani. Ndiye aliyepewa kazi ya kupaka, na Kache akapewa ya kusugua. Kilonzo alimwagiza jambo moja tu, kwamba uchafu usibaki hata chembe. Kache akasugua kama hajawahi kusugua. Kilonzo akapangusa shaba yote kwa tina, dawa ya kuyeyushia rangi, akaiacha kavu, akaenda kula.

Kache akabaki na ule mlango. Shaba ilikuwa safi, lakini uchi, imepauka, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa akasahauliwa kupakwa. Nani Pwani humwacha mtoto hivyo? Alijua hataisugua tena maisha yake. Akachukua kichupa chake cha mafuta ya nazi, akapaka msumari mmoja mmoja, kisha kandili, kisha reli, na kufuta, na kufuta tena, mpaka jicho lisione wala kidole kisihisi. Alidhani vanishi ingeyafungia mafuta yale ndani, yakae humo yakifanya kazi yake daima. Uchafu? Mafuta ya nazi hayajawahi kuitwa uchafu katika nyumba aliyoolewa. Kama kuna siku aliyofanya kazi kwa upendo, ilikuwa siku ile. Kilonzo aliporudi alipiga mluzi kwa jinsi ilivyong'aa, akachovya brashi.

Sasa alipoitwa ofisini alikuta magamba ya vanishi yamewekwa juu ya meza, kwenye sosa. Kilonzo alikuwa amesimama ukutani. Caroline alieleza kwamba mwenye hoteli anafika na wageni wake, na mlango unaonekana kama una ukoma.

“Ni mafuta,” Kilonzo alisema, macho chini. “Vanishi haishiki penye mafuta.”

Kache karibu ashukuru. Kumbe kosa lina jina, na likijulikana litarekebishwa. Akasema papo hapo kwamba mafuta aliyapaka yeye, baada ya tina, akaeleza na sababu, akamtaja na mavyaa wake. Alieleza kwa furaha kidogo, masikini, kama mtu anayeonyesha njia.

Caroline alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mama Kache, hakuna mtu hapa anayeijua shaba kukushinda wewe. Halafu unaniambia hukujua?”

“Shaba naijua. Vanishi siijui.”

“Na yale maneno yako ya kantini?”

“Yalikuwa mzaha, mwanangu.”

Kache alimtazama Kilonzo. Neno moja lingetosha: kwamba hakumtajia mafuta, kwamba alisema uchafu tu. Kilonzo ana watoto wanaosoma, na brashi iliyoharibu ule mlango ilikuwa ya mkono wake.

“Mimi nilimwambia uchafu usibaki,” akasema.

Na ni kweli alimwambia. Hakuongopa hata kidogo, na hilo ndilo lililommaliza Kache.

Caroline alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, kwamba mtu asiyejua angemfundisha, angempeleka kufulia kama alivyoahidi. Lakini anayeharibu kwa makusudi hawezi kumweka, maana leo ni shaba na kesho ni mashuka. Kuikosa kazi Kache angeweza kuvumilia, kama wanavyovumilia wengi. Lakini kazi yake nzuri kuliko zote ilikuwa imeitwa uovu, na hapakuwa na mahali pa kuikatia rufaa. Alitoka akiwa amechoka kupita kiasi.

Nyumbani, Bi Mejumaa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Alizitambua nyayo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona leo mapema?”

Kache alijibu kwamba wameruhusiwa, kazi ni chache. Akaingia jikoni, akavunja nazi, akaja kukalia mbuzi ya nazi karibu na mkongwe, akaanza kukuna.

“Ule mlango wenu waendeleaje na hiyo dawa ya kisasa?”

“Unang'aa, mama.”

“Na mafuta ulitia kwanza?”

“Nilitia.”

Bi Mejumaa alicheka kidogo, ameridhika. “Basi hautafanya weusi. Na wenzio uwafundishe, usiwe na choyo.”

“Nitawafundisha.”

Aliendelea kukuna. Sauti ya mbuzi ikabadilika, ikawa kavu.

“Nazi imekwisha hiyo, mwanangu,” mkongwe alisema.

Kache hakusimama. Meno ya mbuzi yalikwangua kifuu, na unga wa kahawia ukawa unaanguka juu ya nazi nyeupe iliyojaa sinia.