Alama Kumi za Jaji wa Tatu

Tangu sekondari walimwita Spika, na jina hilo likamganda mpaka chuo kikuu. Sasa alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, akisomea midahalo ya mashindano: jinsi hoja zinavyojengwa, jinsi wasemaji wanavyonolewa, na hasa jinsi majaji wanavyotoa alama. Jioni aliifundisha timu ya chuo. Vijana wake walimtania kwamba angeweza kumshawishi samaki apande ngazi.

Profesa aliyemsimamia, mzee aliyebakiza mwaka mmoja tu kustaafu, alimkabidhi ufunguo wa stoo ya nyuma ya maktaba. Humo mlikuwa na maboksi ya karatasi za alama za mashindano ya shule, ya miaka ishirini. Spika alitakiwa kuzipitia moja baada ya nyingine na kuingiza kila alama kwenye kompyuta. Vumbi lilimpa mafua yasiyokwisha.

Wiki ya tatu akalifikia boksi la mwaka wake mwenyewe. Katika fainali ile alimshinda kijana wa shule nyingine, mwenye sauti ya chini, aliyeitwa Mpole. Tofauti ilikuwa alama nne. Mshindi alipewa nafasi ya kusomeshwa chuoni bure, na ndivyo Spika alivyofika hapo alipo.

Alizipitia karatasi zile huku akitabasamu, mpaka akafika kwa jaji wa tatu. Mpole alipewa ishirini na nne za hoja, ishirini na sita za majibu, ishirini na moja za uwasilishaji. Chini pameandikwa jumla: sitini na moja.

Akajumlisha kwa kichwa. Akajumlisha kwa simu. Kila mara jibu lilikuwa sabini na moja. Mpole alikuwa amemshinda kwa alama sita. Akakaa juu ya boksi.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea Profesa karatasi ile. Mzee aliisogeza karibu na macho.

"Huu mwandiko wangu," akasema. "Jaji wa tatu nilikuwa mimi."

Spika akavuta kiti, akaketi.

"Siku ile tulihukumu tangu asubuhi," mzee akaendelea. "Macho yalishachoka. Mwanangu, andika tu kwamba karatasi za mwaka huo hazikupatikana. Utafiti wako haupungukiwi na kitu."

Hakuwa anaamrisha. Alikuwa anaomba, na hilo ndilo lililomuumiza Spika zaidi.

Ilimchukua siku nne kumpata Mpole. Alikuwa fundi katika duka la miwani, mtaa wa nyuma wa soko. Alikuwa amevaa aproni, akinoa ukingo wa lenzi kwenye mashine ndogo. Alimtambua Spika mara moja.

"Dada, karibu. Macho yanasumbua?"

"Hapana, kaka. Nimekuja kwa jambo lingine."

Akaweka nakala ya karatasi juu ya kaunta na kumweleza yote, bila kumficha kwamba yeye ndiye aliyesomeshwa. Mpole alizima mashine. Kidole chake, chenye unga mweupe wa lenzi, kikashuka taratibu juu ya tarakimu.

"Baba aliomba ruhusa kazini siku ile," akasema. "Alikaa mstari wa mbele na shati la kuazima. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, 'Mwanangu, maneno si fungu lako, tafuta kazi ya mikono.' Nikamwelewa. Mimi mwenyewe niliona nimeshindwa."

"Naweza kwenda kumweleza, hata leo."

"Tumemzika mwaka juzi."

Spika akaondoa mikono yake juu ya kaunta.

"Wewe hukukosea kitu," Mpole akaongeza, kwa sauti isiyo na hasira. "Lakini sijui unataka nifanye nini na karatasi hii. Kazi hii nimeshaizoea. Nina mke, nina watoto. Jana nilikuwa naamini nilishindwa, na nilikuwa nimetulia."

"Nisamehe."

"Siwezi kukujibu sasa hivi, dada. Kuna mteja anasubiri." Akairudisha nakala ile upande wa Spika, akawasha mashine.

Spika aliandika ukweli. Katika sura ya nne aliweka aya moja: fainali ya mwaka fulani, kosa la kujumlisha, mshindi halali hakutangazwa. Profesa aliisoma, akaweka sahihi, akamrudishia. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Kabla muhula haujaisha alikuwa ameshafungasha vitabu vyake, akastaafu mapema.

Siku ya kuutetea utafiti, mtahini mmoja mgeni aliifungua aya ile.

"Kosa hili lilikuwa na athari gani?"

"Kubwa," Spika akajibu.

"Fafanua."

Ukumbi ulisubiri. Akashika ukingo wa meza, akilini akamwona yule fundi wa miwani amesimama nyuma ya kaunta na kidole chake juu ya tarakimu, na kila sentensi aliyoianza kichwani ilikuwa ya uongo kidogo.

"Samahani," akasema. "Sijui nianzie wapi."

Walimfaulisha. Nakala ya tasnifu aliituma kwenye duka la miwani, na anwani yake ikiwa nyuma ya bahasha. Jibu halikuja.