Kikohozi cha Baba

Baba, fundi wa saa, alikuwa na kikohozi kilichojulikana mtaa mzima: kinakwaruza, kinanyamaza kidogo, kisha kinafungwa na mguno mzito, kama mtu anayesukuma kabati. Tangu alipoondoka bila kuaga, binti yake mkubwa, Dada, alimfundisha mdogo wake Kibonge kukiigiza kutoka chumbani kila jirani yao Redio alipobisha hodi. Redio aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. Akijua yeye, mtaa umejua. Na mtaa ukijua, aliona Dada, baba atakuwa ameondoka kweli.

Mama hakuutaka mchezo ule. "Baba yenu kasafiri. Basi! Na uongo wenu nisiusikie tena." Safari gani, hasemi. Dada alimnunia mpaka midomo ikamuuma.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda kiwandani, kwenye sabuni zake. Redio akaingia, eti anaomba chumvi, macho yakimtangulia kuelekea chumbani.

"Shemeji yupo leo?"

"Yupo, kajilaza," alisema Dada, akaangusha kijiko. Ndiyo ishara yao.

Kimya. Akaangusha sufuria.

Kikohozi kikaja. Kilikwaruza vizuri, ila mguno haukuwepo. Dada akaapa moyoni kwamba Kibonge atafinywa.

"Maskini, kifua hicho!" Redio akaenda zake na chumvi.

Mara Kibonge akaingia kwa mlango wa mbele, mkate mdomoni. "Redio alikuja? Nilikuwa dukani."

Dada akageuka mbio. "Baba!" Akausukuma mlango wa chumbani kwa furaha tele.

Kitandani alikuwa mama, amevaa koti la baba. Alirudi mapema, akapitia mlango wa nyuma.

"Nilisikia sufuria," alisema kwa aibu.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Hata mimi sijui."

Dada akaitafuta hasira yake yote, asiione. Akakaa kando ya mama. "Umesahau mguno."

"Unakuwaje?"

Kibonge akameza mkate, akaguna.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, Redio akapaza sauti: "Pole na kifua, shemeji!"

Mama akavuta pumzi, akaguna. Ulikuwa mguno wa baba hasa. Kisha akajifunika uso kwa lile koti, kilio kikamtoka.

Dada akakimbilia jikoni, akaanza kuangusha sufuria moja baada ya nyingine, ili Redio asisikie.