Mistari Iliyosogea Jikoni

Kisa hiki ni kweli tupu. Kama nimekitia chumvi, nivuliwe kofia hadharani.

Mpima-gesi mstaafu alikaa siku kumi na tisa bila kusikia hodi. Siku ya ishirini akampigia simu bintiye: jiko linavuja. Kabla ya saa saba mchana binti akafika, jasho likimtiririka.

"Mbona sisikii harufu, baba?"

"Pua ni ya mchuzi, mwanangu. Gesi huonwa!"

Akatoa kipimo chake cha mgodini, darubini fupi yenye mpira wa kuminya. Ndani yake mwanga hugawanywa: nusu hupita kwenye hewa safi, nusu kwenye hewa inayopimwa. Gesi hupinda mwanga zaidi kuliko hewa, kwa kiasi kidogo mno, lakini nusu hizo zikikutana tena, mistari myeusi huonekana imesogea.

"Kuna siku ilisogea mpaka nikaikuta sikioni," alisema.

Binti hakucheka. Aliweka jicho. Kweli, mistari imehama.

Mzee akajiwazia moyoni: mtu mwenye gesi inayovuja haachwi alale peke yake.

"Nikiwa naongopa, nitalipa faini yetu," akajigamba. Tangu binti akiwa mdogo, aliyeshikwa na uongo nyumbani humo aliosha vyombo.

Binti akafungua kifuniko cha kichupa kilicho ubavuni mwa kipimo. Utotoni ndiye aliyejaza humo chembe za chokaa, za kunasa pumzi za watu. Maana pumzi nayo hupinda mwanga, ikadhaniwa gesi. Kichupa kilikuwa kitupu.

"Chokaa iko wapi?"

Mzee akakohoa.

"Baba! Umepulizia humu."

"Kidogo tu."

"Si ungesema umenikumbuka, nikaja?"

"Nilisema mwezi uliopita. Ukaniambia wikendi."

Binti akarudisha kifuniko mahali pake. Kisha akasema, "Faini, baba."

Mzee akakunja mikono ya shati. Kwenye sinki palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja. Sahani aliisugua mara tatu, mbele na nyuma, maana kazi ikiisha, mgeni ataaga.

Binti alimwangalia mgongo. Akavua viatu. Akachukua kikombe kabatini, akajimiminia chai iliyobaki kwenye birika, akapiga mafunda mawili, akakitumbukiza kwenye maji ya sabuni.

"Na hiki," akasema, "hujakiosha."