Dansi Mbele ya Gurudumu Kubwa

Zipu ilifunguka, ikafungwa. Ikafunguka tena, taratibu, kama ya mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Mama Kidoti alisikiliza gizani akaitambua: ni ya mkoba wa mama mkwe wake, chumba cha pili. Akanyata hadi huko. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kilemba tayari kichwani, mkoba mapajani.

"Mama, hata hakujakucha."

"Kukicha, kusikuche, kwangu mamoja. Wenye kutembea ndio wanaohitaji kuona njia. Mimi nasukumwa."

Mama Kidoti akaziba mdomo kwa kicheko, akafunga mlango, na wakacheza dansi.

Ndivyo walivyoita wao. Mama Kidoti aliitega miguu yake mbele ya miguu ya Bibi, magoti yakazuia magoti. Bibi akamkumbatia shingoni, kidevu begani. Wakayumba mbele, nyuma, mbele, na kwa "tatu" wakainuka pamoja, wakageuka kidogo kidogo mpaka kiti cha magurudumu kikawa nyuma ya Bibi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwafundisha, lakini ule ulaini walioufikia ulikuwa wao wenyewe, wa asubuhi kwa asubuhi. Bibi alikuwa na sharti moja tu: mlango ufungwe. Hata mwanawe wa kumzaa hakuwahi kuona.

"Nimeshona sare za manesi mpaka magoti yakagoma," alikuwa akisema. "Sitaki watu wanione nikiinuliwa kama gunia."

Kwa hiyo kila familia ilipotoka, Bibi akawa mlinzi wa mikoba. Wengine wanacheza, yeye anashika koti la huyu na viatu vya yule, anacheka kwa mbali. Safari hii Kidoti, mwenye miaka sita, alikuwa ameomba kitu kimoja: apande gurudumu kubwa linalozungusha watu angani katika bustani ya michezo, na apande na Bibi. Bibi hakufikiri mara mbili. "Tutapanda," alisema, na tangu hapo mtoto hakulala vizuri, na inaonekana Bibi naye hakulala.

Mama Kidoti hakutaka kubahatisha. Alipiga simu bustanini akauliza lango, choo, kivuli, mteremko. Sauti ikamjibu kwamba kiti kinapita kote. Na kweli, walipofika, kilipita kote, isipokuwa mahali pamoja tu: mlango wa kibanda cha lile gurudumu.

"Kiti hakiingii," alisema mwendesha gurudumu, mwanamume mnene mwenye kofia nyekundu. Akamtazama Mama Kidoti juu ya kichwa cha Bibi. "Huyu mama anaweza kusimama?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imejaa macho. Mama Kidoti akauona mlango wa chumbani ukiwa wazi mbele ya umati mzima. Akataka kumsitiri mkwewe, neno likamtoka haraka.

"Hapana. Hawezi."

Bibi alinyoosha tu mikono. "Haya, nipeni mikoba yenu."

Kidoti alimpa kimkoba chake, midomo ikimtetemeka. Bibi akakipanga mapajani juu ya mkoba wake, akakisawazisha kwa kiganja, kwa ustadi wa mtu aliyeizoea kazi hiyo. Ule ustadi ndio uliomchoma Mama Kidoti. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, nimekujibia. Swali lilikuwa lako."

"Ulinisitiri, mwanangu."

"Nilikusitiri, au nilikuficha?"

Bibi akageuza shingo, akaikagua foleni nzima kama anayekagua pindo.

"Na mlango?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapa hakuna mlango, mama."

"Basi wasiopenda dansi wafumbe macho." Akamgeukia yule wa kofia. "Baba, simamisha chuma chako kitulie. Nasimama."

Gurudumu likasimama. Mama Kidoti akampa Kidoti mikoba, akafunga breki za kiti, akatega miguu. Kidevu kikatua begani. Bwana mmoja akachomoka kwenye foleni, mikono mbele, tayari kumshika Bibi kwapani.

"Wewe baba, rudi!" Bibi akamkemea. "Utaniangusha. Mimi nina wa kucheza naye."

Watu wakacheka, bwana akarudi nyuma akicheka pia. Kidoti akahesabu kwa sauti kubwa. Kwa "tatu" wakainuka. Mama Kidoti aliusikia uzito wote wa mkwewe kifuani, na kwa mara ya kwanza hakutamani mtu yeyote atazame pembeni. Waone. Hatua ndogo, hatua ndogo, wakageuka, na Bibi akaketi ndani ya kibanda, kilemba hakijasogea hata kidogo.

"Huyo ni nesi wako?" mwanamke mmoja akauliza.

"Mkwe wangu," Bibi akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni.

Kidoti akaiacha mikoba kwenye kiti, akaingia na mama yake, wakapanda. Mapaa yakashuka, miti ikawa kama mboga kitaluni. Bibi akamwonyesha mjukuu wake bati refu la kiwanda alichoshonea. Halafu akachungulia chini. Kiti cha magurudumu kilikuwa peke yake, mikoba imekaa juu yake.

"Tazama," alisema. "Kumbe ni kidogo hivyo." Akacheka mpaka kibanda kikatikisika, na Mama Kidoti akashika chuma kwa mikono miwili, akicheka na kuomba Mungu kwa pamoja.

Kibanda kilipofika chini, mwendesha gurudumu alilisimamisha bila kuambiwa. Akafungua mlango. Safari hii aliinama, akamuuliza Bibi mwenyewe, "Tayari, mama?" Mama Kidoti akatega miguu.

Bibi hakuinua mikono. Alikuwa ameegemea, amejitandaza, akitazama mbele kama mtu aliye sebuleni kwake. Akamwinamia Kidoti, akamnong'oneza sikioni. Mtoto akasimama mlangoni, mbele ya foleni yote.

"Bibi hashuki."